Nyumba ya Mwambani ni ya Celina

Sogeeni, wanangu, na wewe Kamugisha, mkuu wa ukoo wetu, kaa karibu na mdomo wangu, maana sauti imebaki kidogo na sina nia ya kuimalizia kwenye salamu.

Protase, mwanangu pekee uliyebaki, kibanja cha Izimbya ni chako, migomba na mibuni. Mkimaliza matanga yangu utakalia kiti changu, na asikubishie mtu. Lakini nyumba ya kisiwani niliijenga kwa mikono yangu, si ya ukoo. Ile ni ya Celina, mjane wa kaka yako Josia, na wanawe.

Najua umekwishaongea na wanunuzi wa sangara, mlipue mwamba kwa baruti mpate ghala. Mwamba huo ndio ukuta wangu wa nyuma. Niliufuata ulivyojipinda, mti sikukata, kuta nikazichora kwa masizi na udongo wa kisiwa kilekile, hata wavuvi wakasema nyumba isiyoonekana kutoka ziwani ni ya mchawi. Vita vilipofika Kagera, haohao walijibana humo na watoto wao, ndege zikapita juu bila kuliona paa, na mchawi akawa baba wa watu.

Kisha ukaja ugonjwa huu unaokondesha vijana hadi kaburini, ukamchukua Josia, nami sikuwa na nyumba ya kumficha. Hilo linaniuma kuliko kufa kwangu.

Juzi ulisema, “Baba, mwanamke aliyefiwa hurudi kwao.” Kwao wapi? Kwao Kagondo kumebaki makaburi na bibi kipofu. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Mimi nimeona maji ya kumwogeshea mgonjwa yakiwa mazito kuliko damu, maana Celina ndiye aliyemwosha ndugu yako, wewe umesimama mlangoni umeziba pua.

Mnizike Izimbya kando ya Josia, bila saruji. Celina, ezeka kabla ya masika, na mti uliobanwa na ukuta ukinenepa, bomoa ukuta, usikate mti.

Leteni vichwa niwawekee mkono. Mungu awape kula na kuzeeka, awape... watoto watakaowazika ninyi, si ninyi kuwazika wao.

Kamugisha, umesikia. Protase, nawe sema umekubali.

Sema kwa sauti, mwanangu, masikio yanaziba.

Protase... mbona namsikia Celina tu, analia?