Uso Wangu Kwenye Boksi la Meno ya Dhahabu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Tengku Ranto, sheikh wetu, kaa hapo mkekani uwe shahidi wangu, wala asiniambie mtu nipumzike, maana humu ndani nimepumzishwa vya kutosha. Ulimi wangu umeanza kufunguka kidogo kidogo, leo umefunguka zaidi, na kesho sijui utakuwaje. Kwa hiyo nitasema yote kwa mkupuo, nanyi mtanisikiliza mpaka mwisho hata nikitokwa na udende. Salwani, utanifuta. Mahlil, wewe usinifute. Wewe nataka unitazame.

Habari ya shamba la Pegasing na nyumba hii sina haja ya kuirefusha. Mungu alishagawa kabla yangu, na Tengku anayajua mafungu. Kila mtu achukue lake na asimnunie mwenzake. Nguo zangu mpeni jirani yangu Inen Jurni, ila ile shali ya kerawang, yenye tarizi, niliyovikwa siku ya harusi ni ya Salwani, na asiiazime mtu. Ninayotaka kuyausia hayamo katika mafungu ya Tengku: ni ile mashine ya kusagia inayonguruma dukani, chini ya chumba hiki, na jina langu, na uso wangu.

Mnaijua mashine hiyo tangu mkiwa wadogo. Mimi na baba yenu hatukuwa watu wa kuuza kahawa. Tulisagia watu kahawa yao wenyewe, kahawa iliyoanikwa juu ya turubai kando ya barabara, pikipiki zikipita, kuku wakiparua, ikakaangwa jikoni kwa mtu na kuletwa hapa Takengon ingali vuguvugu, na ndani yake vijiwe ambavyo hakuna jicho linaloviona. Zile sahani mbili za meno zinazosaga ndani ya mashine zilikuwa chuma kitupu. Jiwe likiingia zililia, baba yenu akazima, akafungua, akatoa jiwe, akatukana kidogo, akafunga. Yakiwa butu aliyapeleka kwa mhunzi, yakarudi yanang'ata. Chuma kilikuwa kinalika, siwadanganyi, kila kinachosaga kinalika, na bila shaka mji huu umekunywa chuma chetu miaka mingi. Lakini tulijua ni chuma. Mtu akiuliza, tulimjibu.

Ndipo Mahlil ukarudi kutoka Medan wakati wa Idi, na meno yako ya mashine, yenye rangi ya dhahabu, umeyafunga kwenye kitambaa cheusi kama mahari. Ukayaweka juu ya meza, tukiwa bado tunakula samaki. Ukasema, "Ine, mama yangu, haya hayaishi. Yamepakwa kitu kigumu kuliko chuma. Wajukuu zako watakufa wayaache." Nikakujibu, "Basi hayo ni meno ya shetani, Win, mwanangu, maana hata yangu mimi yameisha." Mkacheka nyote, nami nikacheka mpaka fizi zikaonekana, na hapo hapo ukanipiga picha nimeyashika. Sikuuliza picha ni ya nini. Mama hamwulizi mwanawe picha ni ya nini.

Meno ya chuma ukayapeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ukafunga haya. Na nisimnyime mtu haki yake: mwanzo yalisaga vizuri sana. Unga ulitoka laini, mashine haikupata moto, wateja wakasifu. Ukawa wakala wa yule bwana wa Medan aliyekuuzia, kwa nyanda zote hizi za juu, ukayauza kwa wenye mashine na wenye mikahawa, na kila ulikokwenda ulijitaja kuwa mtoto wangu, mtoto wa Inen Mahlil, na watu wakafungua milango.

Kisha Inen Jurni akaja na kikombe chake mkononi, kutoka kwake mpaka hapa, akaniita kwa sauti mbele ya wateja, "Inen Mahlil! Siku hizi unatutilia dhahabu? Mwenzio nimetafuta mume tajiri ujana wangu wote, kumbe yumo kikombeni!" Watu wakacheka. Mimi nilitazama ndani ya kikombe na sikucheka. Nikachukua mtandio mweupe wa Salwani, nikachuja kahawa yetu, nikaiosha na kuiosha tena, na mwisho vikabaki vipande vyembamba kama magamba ya samaki depik, vinang'aa. Nikapitisha sumaku juu yake. Havikuja, kwa hiyo si chuma. Tukafungua mashine: kila mahali jiwe lilipogonga, ncha ya jino ilikuwa imebaki uchi, na dhahabu pembeni mwa kidonda imeinuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Salwani akaigusa kwa ukucha, ikambandukia kidoleni.

Tukampigia simu bwana wa Medan. Akasema, "Msiogope, mama, kitu hicho kikiingia tumboni kinatoka kama kilivyoingia." Salwani akamwuliza kimetengenezwa kwa nini. Siku hiyo akasema ni kile kile wanachopaka vifaa vya hospitali. Alipoulizwa tena akasema ni siri ya kiwanda. Alipobanwa alete maelezo ya wapimaji, akaleta ya bidhaa nyingine kabisa. Salwani akavifunga vile vipande kwenye karatasi, akampelekea daktari, na daktari akawa mkweli: "Kama ni kile ninachokidhania, huenda hakina neno. Lakini sijui kama ndicho."

Basi nami sisemi ni sumu. Tengku, shuhudia, sikusema ni sumu. Huenda yapo meno ya kupakwa yaliyo mazuri, yanayouzwa na watu wanaosema wamepaka nini, kwa kahawa safi iliyochaguliwa punje kwa punje. Haya yetu hayajui mawe ya barabarani, na yakichubuka mhunzi hawezi kuyanoa bila kuyavua yote. Ninachosema ni kwamba sijui, nawe Mahlil hujui, na aliyekuuzia ama hajui ama hataki kusema, na katikati ya kutojua kwetu watu wanakunywa na watoto wao.

Nilikuambia hivyo pale kwenye ngazi. Ukakaa kwenye kidato, mtu mzima mwenye watoto, ukashika kichwa. "Ine, nimetia saini kwamba sitaisema vibaya bidhaa yao. Toka Bebesen mpaka ng'ambo ya ziwa wamenunua kwangu. Nikisema nimekwisha, nikinyamaza nimekwisha." Nikakuambia zima mashine kwanza, mengine tutayatafuta tukiwa tumeizima. Ukasema kesho.

Kesho ilipofika nikaisikia imewashwa. Nikatoka kitandani niteremke kuizima kwa mkono wangu, na katikati ya ngazi mguu wa kushoto ukakataa, kama si wangu. Niliposhtuka nimelala hapa, mdomo umepinda, ulimi umekufa kinywani.

Sasa niwaambieni jinsi nilivyokuwa, maana mlidhani aliyelala hasikii. Nilikuwa nasikia kila kitu. Mbao hizi ni nyembamba. Kila mteja akisema nasikia, kila kijiwe kikigonga nasikia na kujua kimechubua. Nikamsikia Inen Jurni akiuliza, "Mwenyewe Inen anasemaje juu ya meno haya?" Na wewe, Mahlil, ukajibu, "Ine anaikubali. Anainywa kila asubuhi, hii hii." Nilipiga kelele. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, mwanangu, na katika chumba hiki hakukusikika kitu.

Baada ya hapo ukapanda na kikombe na kijiko. Ukaninywesha wewe mwenyewe, ili uliyoyasema chini yasiwe uongo. Sikuweza kufumba mdomo; upande mmoja haufumbi. Kisha ukainywa iliyobaki mbele yangu huku unalia. Nililiona chozi lako na sikuweza hata kugeuza shingo nikuachie ulie peke yako.

Na wewe, Salwani, Ipak wangu, ulinishika mkono ukaninong'oneza, "Ine, tuizime? Kama ndiyo, nibane." Nikakubana mpaka ukasema nimekuumiza. Ukashuka ukamwambia kaka yako, akakujibu, "Mkono wa mgonjwa hujibana wenyewe," nawe ukanyamaza kwa sababu ni kaka. Ukarudi ukanipangia dawa zangu kwenye boksi tupu la meno hayo ulilolikuta dukani, ukaliweka hapa kando ya mto. Hukuangalia ubavuni mwake. Mimi nilikuwa sina pengine pa kuangalia. Pichani ni mimi, nimeshika meno ya dhahabu, nacheka na fizi zangu, na jina langu limeandikwa chini kwa herufi kubwa. Hapo ndipo nilipojua picha ile ilikuwa ya nini. Asubuhi mpaka jioni mwanamke yule ananicheka, anawaambia watu maneno nisiyoyasema, na mimi niliye hai sina sauti ya kumnyamazisha. Yuko katika kila duka toka hapa hadi ng'ambo ya ziwa. Hata jina si langu peke yangu: toka ulipozaliwa, Mahlil, mimi ni mama yako, naitwa kwa jina lako, na kila ukilichafua lako unanipaka na mimi.

Nipe maji, Salwani. Kidogo. Inatosha.

Sikilizeni sasa ninayoagiza. Mashine isiwashwe tena kwa meno hayo, hata kwa mteja mmoja. Salwani, wewe ndiye wa kuiendesha. Nenda kwa mhunzi ufungishe chuma kitupu, na mtu akiuliza, umjibu. Nikifa, kahawa ya kenduri ya maziko yangu itwangwe kwenye kinu kile cha mti nyuma ya jiko. Wanawake wakilalamikia mikono, waambieni nimewaomba radhi. Meno yaliyouzwa mtayafuata nyumba kwa nyumba, nyote wawili pamoja, na mtapata hasara, sijasema hamtapata. Na Salwani, usimwite kaka yako mwizi, si leo si nikishafukiwa. Hakuiba. Alinaswa, akawa anavuta na kamba inazidi kukaza.

Mahlil. Nimelala hapa nikiwaza saini yako hiyo. Wewe ndiye uliyetia saini. Mimi sikutia. Toa simu yako.

Toa, Win. Unishike vizuri nionekane. Usinifunike mdomo, usinigeuze upande mzuri, uniache hivi hivi. Umewasha? Haya.

Mimi ni Inen Mahlil. Yule anayecheka kwenye boksi ni mimi wa zamani, alikuwa anacheka jambo jingine. Meno yale ya dhahabu yametubandukia humu kwetu, na hatujui kilichobanduka ni nini. Msisage nayo. Mwanangu na binti yangu watakuja kuyachukua. Wapokeeni, msiwatukane sana. Basi.

Zima. Sasa uwatumie wote walionunua kwako.

Mbona kidole kimesimama? ... Salwani, usimnyang'anye. Mwache. Ni yeye wa kubonyeza. Tengku, nawe usimsemeshe. Najua wataniita mgonjwa asiye na akili, najua bwana wa Medan atakuja juu. Mwambie ni mama yako aliyesema, na mama yako hakamatiki tena. Bonyeza, mwanangu. Nimechoka kungoja, na sauti... sauti hii naiazima.

Imekwenda? Nionyeshe. Siyaoni maandishi, lakini nakuona wewe. Imekwenda.

Basi shusheni mto. Leteni vichwa vyenu, mkono wa kulia bado unainuka... hapo. Mola awape riziki mnayoweza kuitaja mbele ya watu. Awape usingizi. Salwani, Mungu akupe kinywa. Mahlil, mwanangu wa kwanza, jina langu... nimekusamehe, maziwa yangu ni halali kwako, yote. Mpendane. Msi... msigombee shali.

Tengku, nisomee. Polepole.

Nini hicho kinacholia? Simu? Wameanza?

Usinitazame mimi, Win. Pokea.