Sweta Arobaini na Tatu za Riruta

Mgeni rasmi, Bi. Kamene, Meneja wa Hazina ya Nafuu kwa Biashara Ndogo. Mwenyekiti wetu, Bwana Kuria. Wazazi, majirani, na nyinyi wateja mnaodai kila siku kwamba mnapita tu:

Leo ni siku kuu kuliko zote katika historia ya Riruta, na pengine ya Kaunti nzima ya Nairobi. Tungeianza saa nne kamili kama kadi ilivyosema, ila spika tuliiazima kanisani, na mwenye waya wake alikuwa kwa kinyozi. Sasa amefika, amenyolewa upande mmoja, na sisi Wafanyabiashara wa Safu ya Mabati ya Bluu tunasema karibu sana.

MAKARIBISHO

Kiti ulichokalia kimetoka sebuleni kwa Bwana Kuria. Tunakuomba kwa heshima usikiegemee upande wa kushoto. Maua yaliyo mbele yako ni ya plastiki, lakini yameoshwa. Tumefurahi kukuona, na furaha hiyo haina plastiki yoyote ndani yake.

HISTORIA YA SAFU

Safu yetu ilianza miaka kumi na minne iliyopita ikiwa na vibanda vitatu kando ya Barabara ya Naivasha. Sasa viko kumi na kimoja. Rangi ya bluu hatukuichagua. Ilibaki kwenye ujenzi wa jirani, naye akatuuzia nusu bei.

Kibanda cha nne ni cha Bi. Mwihaki, ambaye nyote mnamwita Mama Ciru, muuzaji wa sare za shule. Tutamtaja sana katika risala hii, kwa sababu uchumi ulipofungwa hakuna aliyebanwa kama yeye. Kinyozi alipoteza wateja walioogopa kushikwa kichwa. Bwana Kuria aliuza viatu vichache, maana watu hawakuwa na pa kwenda. Lakini watu bado walikuwa na vichwa, na bado walikuwa na miguu. Shule, kwa upande wake, zilifungwa Machi mwaka wa 2020 zikakaa hivyo miezi tisa. Hakuna mzazi anayenunua sweta ya kijani ili mtoto akae nayo nyumbani akitazama ukuta.

Mama Ciru hakuketi kulia. Alichukua mkasi, akakata vitambaa vyote vya sare, akashona barakoa. Kwa miezi miwili Riruta yote ilivaa shule usoni. Ungekutana na mzee wa miaka sabini, ukajua kabisa pua yake inasoma wapi. Kisha barakoa zikajaa kila kona kwa shilingi kumi, na vitambaa vikaisha. Kufikia Septemba, ndani ya kibanda cha nne kulibaki meza ya kukatia, kioo, na misumari ukutani.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hapo ndipo Hazina yako ilipotufikia. Tuliomba mkopo wa nafuu kama kikundi, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Sharti lilikuwa moja: mkaguzi aje aone kwamba kila biashara bado iko hai, ina bidhaa na mlango wazi. Mkaguzi huyo ulikuwa wewe, kabla hujapandishwa cheo, na tunakupongeza.

Bwana Kuria, kwa moyo wake mwema, alimwendea Mama Ciru siku mbili kabla.

"Mama Ciru, wacha nikujazie viatu hapo mbele. Hata ni siku moja tu."

"Kuria, mimi nauza sare."

"Si utasema umeongeza biashara?"

"Sisemi kitu. Akuje aone ukuta. Kama Mungu anataka nipate, nitapata na ukuta yangu."

Siku ya ukaguzi Mama Ciru alikuwa amekwenda mjini, Biashara Street, kumsihi mwenye duka la jumla ampe vitambaa alipe baadaye. Aliambiwa mkaguzi angekuja alasiri. Ulikuja saa tatu asubuhi. Ulipokewa na bintiye, Ciru, wakati huo akiwa kidato cha pili: msichana mnyenyekevu, mwenye heshima zake, aliyelelewa vyema na shule ya bweni.

Wiki iliyofuata mkopo ulitoka kwa vibanda vyote kumi na kimoja. Mama Ciru ametuagiza tuseme jambo hili, na jana alisimama nyuma ya mwandishi mpaka likaandikwa: kwamba wewe, Bi. Kamene, ulikiona kibanda kitupu, ukamwamini mwenyewe. Amelishuhudia kanisani mara tatu, mara moja kwa machozi. Kwaya iliimba.

Leo kinyozi ana viti viwili. Bwana Kuria ana rafu mpya na tumbo jipya. Mwezi uliopita tulimaliza kulipa mkopo wote, hadi shilingi ya mwisho, na siku hiyo watu wazima walicheza ngoma hapa nje mbele ya watoto wao. Kafyu iliisha, shule zilirudi, na hakuna kibanda hata kimoja kilichofungwa. Tulilala miaka miwili tukiwa tumekaza mabega. Sasa tumeyashusha.

CHANGAMOTO

Choo cha safu kina ufunguo mmoja na watu kumi na mmoja. Mvua ikinyesha, maji ya barabara hupita kwa kinyozi bila kunyolewa.

La tatu ndilo zito. Muhula mpya unaanza Aprili tarehe ishirini na tano, yaani siku kumi na sita kutoka leo. Muuza sare huvuna wiki mbili kabla ya muhula, kisha anakaa. Mama Ciru alitumia karibu faida yake yote kumaliza deni, na sasa hana akiba ya kujaza kibanda. Mwenye kiwanja amempata mtu wa chipsi ambaye yuko tayari kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kibanda cha nne kisipouza muhula huu, Mei mosi kitanuka mafuta.

MAOMBI

Tunaomba mkopo wa pili. Fomu iko mbele yako, chini ya maua, na kalamu imejaribiwa. Tunaijua kanuni yenu ya sita: kikundi kikigunduliwa kwamba kilimdanganya mkaguzi, kinafutwa chote. Tumeisoma, tumeielewa, na Mwenyekiti ameipigia mhuri risala hii hapa, ukurasa wa nne, kama thibitisho.

UKURASA WA TANO

Bwana Kuria, tafadhali keti. Ni kweli, jana jioni ulipiga mhuri kurasa nne. Huu uliandikwa leo asubuhi, saa mbili na nusu, kwenye meza ya kukatia vitambaa.

Ni kwamba mgeni rasmi alifika mapema. Wakati nyinyi mlikuwa mkifunga riboni, yeye alisimama mbele ya kibanda cha nne, ambapo Ciru alikuwa akifagia.

"Wewe ndiye utasoma risala?"

"Ndiyo, Madam. Karibu sana, Madam."

"Nilinunua sweta hapa siku ile ya ukaguzi. Unakumbuka?"

"Tunashukuru kwa kutuunga mkono, Madam."

"Nilimpelekea mpwa wangu Kitui. Shule zilipofunguliwa akaivaa. Mpaka leo shule yote inamwita Quincy."

Ciru akafagia mahali palipokuwa pamekwisha fagiliwa.

"Quincy ni jina la kiwanda, Madam."

"Kiwanda?"

"Kiko Thika."

"Na hicho kiwanda kiko darasa la sita Mashariki? Maana hivyo ndivyo imeandikwa ndani ya kola, na kalamu ya wino: Quincy M., sita Mashariki."

Msichana mnyenyekevu aliyelelewa vyema na shule ya bweni sasa akafagia viatu vya mgeni rasmi.

"Soma risala yako vile unataka," mgeni rasmi akasema. "Mimi nitasikiza."

Kisha akaenda kuangalia viatu.

Mgeni rasmi, mambo yenyewe ndiyo haya sasa. Ulipoisikia ile aya ya kibanda kitupu bila shaka ulishangaa, kwa sababu wewe hukuona kibanda kitupu. Uliona sweta arobaini na tatu, zimening'inizwa kwa rangi na kwa ukubwa, zimepigwa pasi mpaka zikawa kama mbao.

Ujumbe wa kusema unakuja kesho yake saa tatu ulifika kwenye simu ya Mama Ciru, nayo simu ilikuwa mkononi mwa Ciru. Ciru aliufuta, akamwambia Mama ni alasiri. Mchana ule alichukua daftari na kalamu, akavaa barakoa mbili, akabisha hodi kila nyumba yenye mtoto. Aliwaambia wazazi kwamba kuna zoezi la bure la kuua viini kwenye sare kwa sababu ya korona, na kwamba sare zitarudi kesho jioni. Hakuna aliyemuuliza limeagizwa na nani. Alikuwa na daftari. Mama mmoja alimpa na mapazia.

Alizificha kwenye magunia chini ya meza ya kukatia. Asubuhi Mama alipoondoka kwenda mjini, akazitundika. Bwana Kuria alipita akasimama.

"Ciru, hizi zimetoka wapi?"

"Store."

"Store gani?"

"Riruta, Mzee."

Bwana Kuria akakohoa, akarudi kwa viatu vyake, na safu yote ikakohoa pamoja naye. Sisi tulijua. Tulinyamaza kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na fomu yake ndani ya faili lile.

Kasoro ilikuwa moja: mkaguzi alitaka kununua. Mwenye duka asiyetaka kuuza angeonekana mwendawazimu. Ciru alikutoza mia nane, akakufungia, akakushukuru. Pesa hazikuliwa. Alizitumbukiza kwenye kopo la Mama, naye Mama alipozikuta akasema Mungu huzidisha. Hiyo pia ilishuhudiwa kanisani.

Jioni sweta arobaini na mbili zilirudi kwa wenyewe, zikiwa safi kweli. Ya arobaini na tatu ilikuwa njiani kwenda Kitui. Mama Quincy, Bi. Waithera, aliambiwa imeanikwa kwenye kamba ya ploti. Alipoikosa alimgeukia jirani anayetumia kamba ile ile, Ndanu wa mboga. Hawajasalimiana tangu wakati huo. Ndanu huzunguka kwa nyuma akienda kuchota maji, ili asipite mlangoni kwa Waithera. Ciru amemwona akizunguka, na ndoo kichwani, mwaka mmoja na nusu, na hakusema neno.

Mgeni rasmi, wazazi, majirani. Ciru ni mimi. Najua mnanijua, nyinyi mmenibeba mgongoni. Nilijiandika kama mtu mwingine kwa sababu huyo mwingine alikuwa na sifa nzuri zaidi.

Ndanu, hukuiba kitu. Nisamehe. Mama Quincy, aliyeichukua ni mimi. Quincy, kuna mtoto Kitui anatumia jina lako, na nasikia anapita hesabu kukushinda.

Mama.

Mama, hakuona ukuta. Ulitaka aone ukuta, nami nilipiga pasi usiku mzima ukiwa umelala, nikaufunika ulipoondoka, halafu nikakuacha usimame mbele ya kanisa useme ulionekana. Kila ulipolia pale mbele, mimi nilikuwa kiti cha tatu nikihesabu vigae vya sakafu. Nilitaka usinyimwe. Na nilifurahia pia, siwezi kusema sikufurahia; ile ya daftari ilinifurahisha sana. Ndiyo maana ilikuwa ngumu kuisema.

Bi. Kamene, kanuni ya sita naijua. Lakini walioomba mkopo walikuwa watu kumi na mmoja, na mimi sikuwa kwenye orodha. Mkopo waliulipa wao. Kama lazima mtu afutwe, hakuna pa kunifuta, kwa hivyo nitafutiwe adhabu nyingine, na kwa vile ninavyomjua Mama aliyeketi kando yako, imeshapatikana.

Ombi letu la mwisho halina mhuri. Kabla hujashika kalamu, inuka uende kibanda cha nne. Mwenyewe yuko hapa leo, atakufungulia kwa mkono wake. Ndani kuna sweta tisa, sketi nne na kaptula moja kubwa isiyo na mnunuzi. Nimeangalia kola zote. Iliyobaki ni misumari. Angalia ukutani kadiri unavyotaka, kisha uandike unachoona.

Mungu akubariki wewe, mpwa wako na wote wa nyumbani kwako. Aibariki safu hii na kila aliyekohoa ndani yake. Ampe Mama Ciru subira ya dakika tano, maana ndizo ninazohitaji kufika barabarani.

Ni sisi, Wafanyabiashara wa Safu ya Mabati ya Bluu, Riruta.

Na mimi, Ciru wa Mwihaki, peke yangu, kwa ukurasa wa tano.