Ketill Brandsson na Kibanda cha Wapita Njia cha Grimsheiði

Ketill Brandsson alizaliwa tarehe 9 Machi 1899 shambani Skálavík, kaskazini mwa Aisilandi, mtoto wa kwanza wa Brandur na Ásdís. Wa pili na wa mwisho alikuwa Ormur. Akiwa na miaka sita, Ketill alimjengea mbwa wa kondoo kibanda, kisha akalala humo mwenyewe, mbwa akabaki nje. Watu walicheka.

Alisoma majira matatu ya baridi kwa mwalimu wa kuzunguka mashambani. Hesabu aliziweza.

Kazi yake ilikuwa useremala. Mwaka 1935 wilaya ilimpa kazi ya kujenga kibanda cha wapita njia juu ya Grimsheiði, nyika ya mlimani, maana theluji ilikuwa inamaliza watu kule. Alikichora nyuma ya kalenda. Haki yake apewe: kilikuwa kizuri. Hatua tano kwa nne, magogo yaliyotupwa na bahari, maana yenye chumvi hayaozi. Mlango wa kufungukia ndani, theluji isije ikawafungia watu. Na komeo nene, kwa ndani.

Tarehe 12 Desemba 1936, alasiri, Ketill alikuwa humo peke yake, nje dhoruba. Mlango ukagongwa mara mbili. Kwetu mtu hugonga mara tatu. Asiyefikisha tatu si mtu, hafunguliwi. Ketill hakufungua. Upepo ulipotulia akamkuta mdogo wake Ormur kizingitini, ngumi imegandia mlangoni.

Mjane wa Ormur, Ragnheiður, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu leo mazishini, alimwuliza, "Shemeji, hata kuuliza 'nani' ulishindwa?"

"Niliogopa."

"Basi endelea kuogopa."

Ketill aling'oa lile komeo. Mpaka leo mlango ule haufungwi kwa ndani. Ila ubao wa kizingitini haukauki, hata Julai. Steinar, mpeleka barua, alilala pale, akaulizwa walikuwa wangapi. "Mmoja," akasema. "Waliokuwa wakipumua ndio wawili. Na ukiniuliza tena nakuzaba kofi."

Ketill alikuwa amemuoa Sólrún Eyjólfsdóttir tarehe 6 Juni 1929. Mke mvumilivu. Kila Desemba mumewe alipanda kukaa kibandani, akarudi hasemi. Mara moja tu alimwambia: "Anakaa kwenye benchi, mama. Ananipa mgongo."

Septemba 1967 aliugua mapafu. Tarehe 2 Novemba akamwita shemeji yake, Ragnheiður.

"Ragga, miaka thelathini sasa. Sema umenisamehe, nife."

"Mimi sikuachwa nje," akamjibu. "Nenda kamwombe aliyeachwa."

Ketill akauliza: "Atanifungulia?"

Alifariki siku hiyohiyo, saa kumi alasiri.

Ameacha mjane, watoto wawili, Brandur na Guðlaug, wajukuu watano, na shemeji mmoja. Mungu ampumzishe akitaka. Hiyo ni kazi ya Mungu, si ya Ragnheiður.