Mzee Zamu na Siku Mtaa Ulipofichwa

Waliopo hapa leo ni mjane wa marehemu, binti yake wa kwanza ambaye ni muuguzi, kitinda mimba wake, kinyozi jirani yake, vijana wa kiwanda cha viatu waliopewa ruhusa ya nusu siku, na kaka yake mkubwa anayewasomea haya.

Marehemu, mliyemjua kwa jina la Mzee Zamu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya tatu kutoka bohari la pamba, akasoma shule ya msingi ya hapa hapa, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 1970 akaajiriwa katika kiwanda cha nyuzi, ambako alipanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Tarehe 14 Agosti 1976 alimwoa mfunga marobota wa kiwanda hicho, aliyezoea kumwambia, “Kazini amri yako, nyumbani yangu,” naye hakubisha, wakajaliwa watoto watatu, mmoja akatangulia.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1994, vijana wakabaki vibarazani wakicheza drafti kwa vizibo vya chupa. Mei 2016 zikaja habari kwamba wawekezaji kutoka ng'ambo wanatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha viatu, na marehemu, akiwa mwenyekiti wa mtaa, akaona haya wageni wakute watu wamekaa bure, akapita nyumba kwa nyumba akisema, “Wanangu, leo msituaibishe, kaeni ndani, au nendeni kwa shangazi zenu.” Walimtii. Wageni walikuta barabara zimefagiwa na vibaraza vitupu, wakauliza wafanyakazi watatoka wapi, naye akajibu kwa fahari, “Hapa kwetu kila mtu ana shughuli yake.” Wakashukuru, wakaondoka, kiwanda kikajengwa mji wa jirani.

Kitinda mimba wake, aliyeshinda siku ile chumbani kwa amri ya baba, alimwambia, “Baba, umetuficha tukafichika.” Tangu hapo marehemu alipanda basi kila wiki kwenda kusimama kwenye geti la kiwanda kile, akiwaombea vijana kazi, hata mlinzi akawa anamtania, “Babu, leo umeniletea wangapi?” Walichukuliwa mmoja mmoja, kwa mikataba ya miezi mitatu, na kila mikataba ilipokwisha alirudi kuomba upya, huku mapafu, yaliyoharibiwa na vumbi la pamba, yakizidi kumsumbua. Daktari alimkataza safari, mkewe akamfichia viatu, akaenda na kandambili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliopokezana kukesha naye, wenzake wa kiwanda cha nyuzi waliobaki, na kinyozi, aliyemfuata getini siku ya Alhamisi akamrudisha kwa teksi hadi hospitali, marehemu akiwa hawezi tena kusema. Mikataba ya vijana haikuongezwa, inakwisha mwisho wa mwezi huu.

Alifariki Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, umechoka.