Indiketa ya Kushoto ya Mwalimu

Benchi letu lina nafasi nne na sheria moja: ukiinua makalio, umeachia. Hata ukiitwa nyumbani kuzima moto, ukirudi utamkuta mwenzako amekunja nne mahali pako na hana hata habari na wewe. Limeegemea ukuta wa duka langu la kushona, na ukigeuza shingo kidogo unaliona geti la yadi ya ukaguzi wa magari, mwisho wa mtaa. Asubuhi hiyo tuliokaa ni Profesa, kinyozi anayesoma magazeti ya wateja kabla ya wateja. Rubani, dereva wa lori mstaafu. Waya, fundi redio. Na mimi, wananiita Sindano. Kando yetu walisimama watatu wakisubiri mmoja akohoe vibaya wachukue nafasi. Muuza kahawa alikuwa ameshatuzungushia vikombe vya kwanza Mwalimu alipoegesha gari lake, pua ikitugusa magoti na mgongo ukielekea barabarani.

Gari lenyewe ni kuukuu kuliko mimi, rangi ya chai ya maziwa, viti nilivishona mwenyewe mara mbili. Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini na mitano, na Waya alipita mikononi mwake. Ndani ya gari hilo alimpeleka mkewe nyumbani siku ya harusi, na watoto wao watano wote walitoka wodini wamebebwa humo. Sasa lilikuwa limeshindwa ukaguzi mara mbili. Barua ilisema leo, kabla ya saa sita, ndiyo nafasi ya mwisho. Likishindwa, au lisipofika, linafutwa kwenye daftari na halikanyagi barabara tena. Karatasi ya wakaguzi ilikuwa na maneno mawili tu: indiketa kushoto.

Mwalimu alishusha kioo bila kushuka.

Mwalimu: Hamjambo, wanangu. Hebu sikilizeni. Kulia, hivi.

Mshale wa kijani kwenye dashibodi ukawaka na kuzima kwa adabu. Tiki, taka. Tiki, taka.

Mwalimu: Na kushoto, hivi.

Tikitikitikitiki! Mshale ukapapatika kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Mwalimu: Kijiti hiki springi yake imechoka. Nikikiachia kinarudi, kwa hiyo siwezi kushuka nikaangalia mwenyewe. Kuna wa kuniangalizia nyuma?

Saa ya dukani kwangu ilikuwa ndiyo kwanza inagonga tatu.

Waya: Shikamoo, Mwalimu. Nyuma pana nini? Hiyo ni flasha. Kuna kidude hapo chini ya dashibodi, ndicho kinachohesabu tiki na taka. Kimechanganyikiwa hesabu.

Rubani: Upande mmoja tu? Kulia kinahesabu vizuri, kushoto kinachanganyikiwa?

Waya: Ndiyo.

Rubani: Kwa hiyo ni kama wewe darasani.

Tulicheka mpaka kahawa ikatupalia. Mwalimu naye alicheka, maana alikumbuka.

Rubani: Mimi nimeendesha lori miaka ishirini na saba. Hilo ni betri. Betri ikizeeka umeme unakuja kwa kudonoadonoa. Badala ya kumeza tonge moja, taa inalamba lamba.

Waya: Betri ingekuwa mbovu, gari lingewaka?

Rubani: Limewaka kwa sababu linamwogopa Mwalimu.

Mwalimu: Betri ni ya mwezi uliopita. Jamani, nikishika hapa, kuna wa kuzunguka mara moja tu?

Profesa: Mwalimu, hebu subiri. Usikimbilie nyuma. Tatizo lazima lifikiriwe kuanzia mbele.

Alikunja gazeti. Profesa akikunja gazeti, ujue mtaa umekwisha.

Profesa: Magari ya zamani yalitengenezwa na watu wa mkono wa kulia. Kila kitu cha kulia kikafungwa kwa upendo, cha kushoto kikafungwa Ijumaa jioni watu wanataka kwenda nyumbani. Miaka hamsini baadaye, unaona wewe mwenyewe. Kulia, tiki taka. Kushoto, kiherehere.

Waya: Umesoma wapi hayo?

Profesa: Kuna vitu havisomwi. Vinaonekana.

Mimi nami sikutaka kuonekana nimekuja kunywa kahawa tu. Nikasema waya ni kama uzi: ukikunjwa mahali pamoja kila siku unachoka, unabaki nyuzi mbili tatu, umeme ukifika hapo unapita kwa mbio uokoe roho yake. Niliposema nililiona ni jambo zito sana. Hata muuza kahawa alitikisa kichwa, ila sijui kwa maana gani.

Waya: Sindano, wewe shona.

Mwalimu: Huenda kweli ni waya. Lakini kwanza tujue taa gani inawaka na gani haiwaki. Ya mbele naiona kwenye kioo cha duka, inawaka. Ya nyuma siioni. Kuna wa—

Rubani: Honi! Mwalimu, piga honi huku umeshika kijiti.

Mwalimu akapiga honi. Mteja mmoja wa Profesa, aliyeachwa kwenye kiti na kichwa nusu kimenyolewa, akatoka nje kuuliza kulikoni, akarudishwa.

Rubani: Mmesikia? Honi imekohoa. Honi inaiba umeme wa indiketa. Niliwahi kuwa na lori ambalo wipa zilikuwa zinaiba umeme wa redio. Mvua ikinyesha, hakuna taarifa ya habari.

Waya: Hilo redio ningelitengeneza.

Rubani: Ulilitengeneza. Ndipo likaacha hata siku za jua.

Saa ikagonga nne na hatukuisikia. Muuza kahawa alimimina tena. Kule getini foleni ya magari ilikuwa inapungua, moja linaingia, jingine linatoka na kibandiko kipya kwenye kioo, dereva anapiga honi ya furaha. Mwalimu alikuwa bado ameshika kijiti. Mara kwa mara alibadilisha mkono.

Utauliza wale watatu waliosimama walikuwa wanafanya nini. Walikuwa wanaangalia benchi. Foleni ya benchi nayo ina sheria yake. Ukitoka kuangalia taa ya mtu, unarudi nyuma ya mwenzako.

Kufikia saa tano Profesa alikuwa ameshatoka kwenye mkono wa kulia na kushoto, ameingia kwenye mambo ya anga.

Profesa: Pale yadini wamefunga mtambo mpya. Unavuta umeme wa magari ya zamani kutoka mbali, ili yashindwe, watu wanunue mapya. Ndiyo maana Mwalimu akiwa nyumbani indiketa ni nzima.

Mwalimu: Hata nyumbani ni mbovu.

Profesa: Kwako kuko mbali kiasi gani na yadi?

Mwalimu: Mitaa minane.

Profesa: Mnaona? Mtambo una nguvu hasa!

Waya: Sasa kama unavuta, mbona kulia hauvuti?

Profesa: Haujaambiwa.

Mwalimu: Wanangu, nawaombeni. Ni hatua sita tu. Mtu azunguke, aniambie inawaka au haiwaki, basi.

Ilikuwa mara ya nne. Safari hii alitukazia macho mmoja mmoja, na akaishia kwa Waya. Waya alikuwa mwanafunzi wake. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa bisibisi, akaitazama, akairudisha. Mimi niliinua makalio inchi moja. Naapa niliinua. Lakini mmoja wa waliosimama akasogea, nikahisi joto la goti lake, nikakaa tena. Niliona aibu hapo hapo, na aibu ile bado ninayo.

Rubani: Mwalimu, tulia. Tuko karibu kupata jibu.

Saa sita kasoro dakika nane alitokea Sista, mkewe Mwalimu. Aliwahi kuwa muuguzi wodi ya wazazi, na nusu ya mtaa, Waya akiwemo, alitupokea yeye siku tunazaliwa. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea na kitambaa kizuri kichwani, kwa sababu walipanga gari likipita ukaguzi waende mahali wakakae.

Sista: Bado mko hapa?

Mwalimu: Kushoto, mama. Hatujui.

Sista hakuuliza flasha, hakuuliza betri. Alizunguka gari. Hatua sita, nilizihesabu.

Sista: Shika, baba. Ya nyuma haiwaki. Imekufa.

Mwalimu: Basi ni balbu! Ikikosekana moja, zilizobaki zinakimbia. Za akiba zimo kwenye kopo, chini ya kiti.

Kopo la peremende lilikuwa na balbu nne zilizofungwa kwenye pamba. Sista alimnyooshea Waya mkono bila kumtazama, Waya akampa bisibisi akiwa amekaa vilevile. Skrubu ya kwanza ililegea haraka. Ya pili ilikuwa na kutu, ikamtoa jasho. Alitoa balbu iliyoungua, nyeusi tii, akaweka mpya.

Tiki, taka. Tiki, taka.

Tukapiga makofi! Rubani alisema alijua ni umeme. Profesa alisema mtambo umezimwa kwa sababu wanakaribia kufunga. Waya akamwambia Mwalimu kwamba flasha hata hivyo aiangalie.

Gari likarudi nyuma, likashika barabara, Sista kando ya dereva. Tulilisindikiza kwa macho likishuka mtaa polepole, jinsi anavyoendesha siku zote. Lilipofika getini, taa ya kushoto nyuma ikawaka vizuri, ikazima, ikawaka. Saa ya dukani kwangu ikaanza kugonga. Mlinzi alikuwa ameshalivuta geti. Tulimwona akinyoosha kidole juu kwenye kibao cha saa za kazi. Tulimwona Sista ameshuka na anaongea naye, barua mkononi, na mlinzi anatingisha kichwa, kisha anatia kufuli na kuondoka. Gari lilibaki pale. Mwalimu hakushuka, wala hakukiachia kijiti, kwa sababu taa iliendelea.



Sista alipanda mtaa kwa miguu, peke yake, mpaka akafika mbele yetu. Tulidhani amekuja kutukana. Afadhali angetukana. Alimrudishia Waya bisibisi yake.

Sista: Alipowaomba mara ya kwanza, ilikuwa saa ngapi?

Profesa alifungua gazeti. Rubani alikuna goti. Mimi saa ni yangu, inaning'inia dukani kwangu, na niliisikia vizuri sana ikigonga tatu. Nikainamia kikombe changu.

Sista akageuka, akashuka tena kumfuata mumewe. Muuza kahawa akainuka, akaanza kutunyang'anya vikombe mkononi, kimoja kimoja, vikiwa bado na kahawa.