Nani Atie Sahihi ya Kwanza

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi cherehani, pale njia ya mashine ya kusaga inapokutana na njia ya zahanati. Ukitaka kujua nani kaoa, nani kaachwa na nani kanunua bati jipya, unakaa hapo. Fundi mwenyewe wanamwita Sindano, kwa kuwa ni mwembamba na huchoma taratibu. Wenzake ni watatu na hawakosi hata siku ya mvua. Redio anatengeneza redio, na yeye mwenyewe hazimiki. Karani alistaafu miaka saba iliyopita, lakini bado anatembea na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Wa mwisho ni Bondia, kinyozi mwenye kifua kama kabati, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimpiga hata inzi. Kahawa wanaletewa na Bi Birika, anayekinywesha kijiji kizima na kukisema kijiji kizima.

Asubuhi hiyo Sindano alikuwa hana raha. Katikati ya benchi palikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa tupu. Wiki tatu nyuma wapimaji walipanda juu kwenye malisho, wakapiga vigingi vyekundu, wakasema panatafutwa mahali pa kujenga ghala la silaha za nyuklia. Kigingi kimoja kilipigwa nyuma ya jiko la mama yake, hatua sita tu kutoka mlangoni. Sindano alikwenda akazihesabu mwenyewe, akarudi, akashona suruali ya mtu mguu mmoja mrefu kuliko mwingine.

Nesi mstaafu, mwanamke asiyejua kukaa kitako, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu, akaandika barua ya kukataa, akagawa karatasi za sahihi: moja mashineni, moja zahanati, moja shuleni, moja hapo benchini. Leo adhuhuri angepita kuzikusanya, na kesho zingepelekwa kwenye kikao cha wilaya. Benchi lilipopewa yake lilijaa fahari, likaunda kamati papo hapo. Sindano akawa mwenyekiti, Karani katibu, Redio msemaji, Bondia mkuu wa ulinzi. Mwanachama wa kawaida hakupatikana.

— Mashineni wamefika themanini na mbili, alisema Bi Birika akimimina. Na mimi nimo.

— Sisi tunaangalia ubora, alisema Karani.

— Ubora wa nini, na karatasi nyeupe kama ilivyozaliwa?

Karani alikohoa, akaeleza upya jambo alilolieleza kila siku kwa wiki mbili. Yeye amekaa ofisini miaka thelathini, anajua barua inavyosomwa. Hakuna mkubwa anayesoma majina yote. Anasoma la kwanza, basi. Hilo la kwanza ndilo linalofunguliwa faili. Waliobaki wote huitwa "na wenzake".

Tangu siku aliyolieleza mara ya kwanza, mstari wa kwanza uliogopwa kama shimo la choo lisilo na kifuniko. Kila mtu alikuwa tayari kuwa mwenzake wa mtu.

— Andika wewe wa pili, Redio, alisema Bondia.

— Wa pili bila wa kwanza si ndiye wa kwanza?

— Basi mwenyekiti atangulie.

Sindano akasema mwenyekiti kwa kawaida hufunga, hafungui. Alilisema haraka, na halikumpendeza hata yeye. Juzi tu alimwambia mama yake alale salama, suala la vigingi liko mikononi mwake.

Upepo ukaanza kuichezea karatasi. Kila mmoja akaweka kikombe chake juu ya pembe moja isipeperuke, na mazungumzo yakaendelea juu yake kama kwenye meza.

Redio akashika usukani. Alisikia kwa masikio yake, kwenye redio ya mteja, kwamba mwenye bomu huwa anapigwa kwanza. Adui halengi shamba la mtu, analenga ghala. Kwa hiyo likijengwa hapa, kijiji chao kitachorwa kwenye ramani ya watu wasiowajua, huko mbali, kikizungushiwa wino mwekundu.

— Basi lenyewe halitujui, alisema Bondia, linasimama kilomita tano kutoka hapa. Leo kombora ndilo litujue?

— Litatujua kwa jina, alisema Redio. Na silaha ile hata kama haijalipuka inanguruma chini kwa chini. Mawimbi ya redio yatapinda. Utafungua taarifa ya habari, upate harusi ya nchi ya saba.

— Mimi nawaogopea ng'ombe, alisema Bondia. Watakula majani ya pale juu, wataanza kuwaka. Utamkamua bila taa.

Karani akasema hilo la kuwaka halijathibitishwa kimaandishi. Linalojulikana ni kwamba ghala kama hilo lina walinzi, walinzi wana mkuu wao, mkuu ana mke, na mke wa mkuu atataka maji. Ataelekezewa bomba la zahanati. Mwaka haujaisha, kijiji kizima kitakuwa kinapanga foleni nyuma ya ndoo za mke wa mkuu. Bondia akauliza walinzi hao watanyolewa wapi. Akatazamwa vibaya, akasema ameuliza tu.

Sindano alikuwa anahesabu hatua sita.

Hapo ndipo alipomwona mama yake akitokea kwenye kona, fimbo mkononi, vumbi jekundu mpaka magotini. Kutoka malisho mpaka hapo ni mwendo wa saa mbili kwa miguu yake, na hakuwahi kukanyaga hapo benchini hata siku moja. Wote wakasimama. Wakamwamkia, naye akaitikia marahaba moja ya jumla. Bondia akampisha sehemu nzuri, penye kivuli.

Alisema amekuja kuweka dole gumba. Majirani zake wa juu waliweka kwenye karatasi ya shule, lakini yeye alikataa. Aliwaambia ana mwanawe mwenyekiti, ataweka panapokaa mwanawe. Alilisema hilo akimtazama Bi Birika, ili nalo lipate kusambaa.

— Hii ndiyo karatasi?

— Ndiyo, mama, alisema Sindano.

Mama akaondoa vikombe, kimoja kimoja, kwa adabu. Chini ya kila kikombe palibaki duara la kahawia, limekaa vizuri kabisa kwenye pembe yake. Akaipeleka karatasi mbali na macho, akairudisha karibu, akakubali kwa kichwa, ameridhika.

— Kusoma sijui, alisema, ila kuhesabu najua. Alama nne, nanyi mko wanne. Yako ni ipi, mwanangu?

Redio alizimika. Karani alianza kuzikagua kalamu zake kana kwamba amezikuta njiani. Bi Birika, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, aligeuka akalifuta birika ambalo halikuwa chafu. Sindano aliona aibu, aibu ile ya mtoto aliyetumwa akaishia kucheza.

— Hii hapa, mama, alisema, akaonyesha duara la pembe ya chini, lililokuwa mbele yake.

Karani akatoa kidau cha wino wa mhuri, alichoondoka nacho ofisini kwa bahati mbaya miaka saba iliyopita. Mama akachovya dole, akalikandamiza katikati ya duara lile, akalishikilia muda mrefu.

— Sasa tumekaa pamoja, alisema.

Sindano akachomoa kalamu mfukoni mwa Karani bila kuomba. Akaandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, akilizungusha juu ya mstari wa kahawa pole pole, vile anavyofuata chaki kwenye kitambaa.

Karani akaichukua karatasi, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akitafuta jina lililo la kwanza. Ukiishika hivi, la Sindano lilikuwa juu. Ukiishika vile, lilikuwa chini. Akavuta pumzi, akaandika kwenye duara lake kwa mwandiko wa ofisini. Redio akafuata. Bondia aliandika akiwa amefumba jicho moja, kama anayechomwa sindano.

Kwa mbali nesi alionekana anakuja, mkoba kwapani, na nyuma yake wanawake wa mashineni wakicheka.

Mama akapangusa dole lake kwenye ukingo wa kanga, akawatazama wote wanne, mmoja baada ya mwingine, bila ubaya wowote.

— Na wiki mbili zote hizi, wanangu, mlikuwa mnafanya nini?

Wote wanne wakanyoosha mikono kwenye vikombe kwa pamoja, wapate cha kuweka mdomoni. Vilikuwa vitupu. Bi Birika akaliinamisha birika mpaka mwisho, akawaonyesha kwamba kahawa imekwisha.