Bwana Shamir na Kopo Lililong'olewa

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Bwana Shamir Tayabali, fundi wa vyombo vya kupimia bahari katika kituo chetu hapa Uroa, anastaafu tarehe 30 Juni 2025.

Alitokea kwenye duka la kutengeneza redio, Mkunazini mjini. Wanawake wanaolima mwani wakimwita Bwana Waya, naye akiitika "Naam!" kutoka juu ya ngazi. Mie niliajiriwa kufagia, mwanangu mgongoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kuunga waya.

Waya unaoleta kipimo cha joto la maji huokota pia mtetemo wa pampu ya umeme. Sanduku la kurekodi hutazama mara moja tu kwa sekunde. Mtetemo ule wa kasi hulipita, likaona vipande vyake tu, likadhani joto linapanda polepole. Kwa hivyo alitengeneza chujio la umeme, yaani vifaa viwili vidogo, rezista na kapasita, ndani ya kopo la maziwa, akaliweka kabla ya sanduku. Alinieleza kwa mfano wa kifumbu: tui huchujwa kabla ya kutiwa chunguni. Machicha yakishaingia kwenye wali, utayachuja vipi tena?

Mwaka jana lilikuja sanduku jipya, wakubwa wakaling'oa kopo. Walisema kompyuta itasafisha vipimo baadaye. Alipokataa, mmoja akamwambia mbele yetu, "Mzee, hapa si redio za Mkunazini."

Wiki ya tatu, grafu ikaonesha bahari inapata joto. Kituo kikatangaza. Mama yangu, Bi Mwanamkasi, na wenzake wakavuna mwani mchanga kwa hofu usije ukafa kwa joto. Mnunuzi hata hakuugusa. Bwana Shamir akatia kipimajoto majini kwa mkono wake: maji yalikuwa vile vile. Akarejesha kopo, grafu ikatulia siku hiyo hiyo.

Barua ya onyo kwa uzembe akaandikiwa yeye. Imo kwenye faili lake mpaka leo. Keki ya kumuaga tumekata, kanzu tumempa, barua hakuna aliyeitaja. Kijijini nako, wakidhani kosa ni lake, wakaacha kumwita Bwana Waya. Mama yangu hata salamu yake hakuijibu.

Nimemweleza mama kama nilivyoelezwa mie, kwa kifumbu. Ijumaa alikuja mpaka getini, akaita, "Bwana Waya!" Bwana Shamir alishuka ngazi kwanza, ndipo akaitika, "Naam!"

Naomba barua ile ya onyo itolewe kwenye faili lake kabla ya tarehe 30.

Ahsante, Bwana Waya. Mungu akupe afya na utulivu nyumbani. Kopo nnalilinda mie.